Ijumaa Watoto Walipogomea Chai

Miaka ile wikendi ya Dubai ilikuwa bado Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Sande skul yetu ilifanyika Ijumaa. Watoto hawakuona ajabu yoyote. Kwao Jumapili ilikuwa siku ya kuvaa sare na kupanda basi la shule. Mimi niliyetoka Dar es Salaam nilichukua muda kuzoea. Kila Alhamisi jioni kichwa changu kiliniambia kesho ni Ijumaa, moyo ukaniambia kesho ni siku ya Bwana, na vyote viwili vilikuwa vinasema kweli.

Ibada ya Kiswahili ilipewa saa zake za asubuhi katika ua wa makanisa, ambako kila chumba kilikuwa na lugha yake. Upande mmoja walikuwa Wafilipino na magitaa yao. Upande wa pili Wahindi wa kusini waliimba kwa sauti iliyopanda na kushuka taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto asiyetaka kulala. Darasa langu lilikuwa stoo ya viti vya plastiki. Tulishusha viti tulivyohitaji, vingine vikabaki vimebebana hadi karibu na dari, na kiyoyozi kikanguruma juu yetu kama kinapinga kila ninachosema.

Sikuwa mwalimu. Nilifanya kazi mapokezi katika hoteli ndogo ya mtaa wa Al Muraqqabat. Nyumbani nilikuwa nimeacha kikundi cha waandishi vijana tuliosomeana kazi zetu na kugombana juu ya sentensi moja mpaka chakula kinapoa, na sandukuni nilikuwa na riwaya iliyofika nusu. Mama mmoja wa kanisa aliposikia kwamba ninaandika hadithi, aliamua kwamba mtu wa hadithi ni mtu wa watoto, na Ijumaa iliyofuata nikakabidhiwa ufunguo wa stoo.

Vitabu tulivipata kwa mama wa Kimarekani wa ibada ya Kiingereza. Alikuwa anarudi kwao, akatuachia sanduku zima la vitabu alivyowafundishia wanawe nyumbani. Vilikuwa vya historia ya nchi yake, kila sura ina aya za Biblia pembeni na swali la kujadiliana mwishoni. Mimi nilisoma Kiingereza na kuwaeleza kwa Kiswahili, kwa sababu wazazi walitaka watoto wasiipoteze lugha. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba, Ijumaa moja karibu na mwisho wa mwaka wa shule, katika stoo ya Dubai, watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania walikaa kujifunza kwa nini walowezi wa Amerika walidai uhuru kutoka kwa mfalme wao.

Kabla ya wenzake kuingia, msichana mmoja alikuja kunisaidia kupanga viti. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa kwanza wa mzee wetu wa kanisa, Mganda aliyekuwa msimamizi wa walinzi. Mama yake alifanya kazi ya dobi hotelini. Msichana huyo alikuwa na mdogo wake wa kike wa miaka mitano, ambaye alimfuata kila mahali na kukaa sakafuni miguuni pake akichora.

"Ticha," aliniambia huku anavuta kiti, "shule zikifungwa tunapelekwa Masaka. Kwa jajja."

Jajja ni bibi kwa Kiganda. "Kwa likizo?" nikauliza.

"Kukaa. Mimi na huyu."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mama alikuwa ananipima gauni dukani, akasema tuchukue kubwa kidogo, kule kwa jajja nitakua. Ndivyo nilivyojua."

Alisema hivyo bila kulia, akapangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Mambo hayo niliyajua. Ada za shule zilikuwa zinapanda, na kila mwaka joto lilipokuja, viti kadhaa vya darasa langu vilibaki vitupu. Watoto walirudishwa kwa bibi zao, wazazi wakabaki kufanya kazi. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ukatili. Lakini sikuwahi kujiuliza habari hizo huwafikiaje wenyewe.

Wenzake wakaingia. Nikafungua kitabu.

"Walowezi ni watu waliohamia nchi ya watu wengine wakakaa," nilianza.

"Kama sisi?" aliuliza mtoto wa Nairobi ambaye hakuwahi kuiacha sentensi yangu ifike mwisho salama.

"Sisi tuna viza. Wao hawakumwomba mwenyeji viza."

Walicheka. Nikaendelea. Niliwaambia kwamba mfalme alikuwa ng'ambo ya bahari, na alikuwa ametoka vitani na hazina yake imepungua, kwa hiyo yeye na bunge lake wakaamua kuwatoza watu wale kodi ya karatasi, ya sukari, ya chai. Nikawaambia kwamba kodi yenyewe haikuwa kubwa sana. Kilichowauma ni kwamba katika bunge lile hawakuwa na mtu hata mmoja wa kuwasemea.

"Kwani hawangepiga simu?" akauliza yule wa Nairobi.

"Simu hazikuwapo. Waliandika. Waliandika kwa heshima, wakamwita mfalme baba, wakamwomba awasikilize. Hakuwasikiliza. Ndipo wakakataa kununua chai yake. Na wengine, ilipoletwa kwa meli, wakaimwaga baharini."

"Chai yote?" Mtoto mmoja wa Mwanza alishika mashavu kwa huzuni ya kweli.

Kitabu kiliuliza: je, Mkristo anaruhusiwa kumpinga mtawala? Tulisoma mahali panapotuambia tutii wenye mamlaka, kwa sababu mamlaka yote hutoka kwa Mungu. Kisha nikawapeleka kwa yule mfalme mpya wa Israeli aliyerithi kiti cha baba yake mwenye hekima. Watu walimwendea wakamwomba kitu kimoja tu, awapunguzie mzigo. Wazee walimshauri aseme nao kwa upole. Vijana aliokua nao walimwambia awaonyeshe ukali. Akachagua ukali, na siku hiyohiyo ufalme ukapasuka vipande viwili. Nikawaambia kwamba walowezi wengi waliisoma Biblia hiyohiyo, na waliamini kwamba mfalme naye yuko chini ya Mungu, na kwamba mtu ana thamani aliyopewa na Muumba wake kabla mfalme hajamjua. Waliandika hivyo, kwamba watu wote wameumbwa sawa.

Yule msichana akanyoosha mkono. Kitabuni mlikuwa na picha ya shamba la tumbaku, na nyuma kabisa, wadogo kama sisimizi, watu weusi wameinama.

"Ticha, na hawa wanaolima. Waliulizwa?"

Kitabu hakikuwa na jibu la swali hilo. "Hapana," nikasema. "Walikuwa watumwa. Walipata uhuru miaka mingi sana baadaye. Na wenyeji waliokuwa na ile nchi nao hawakuulizwa."

Aliitazama picha. "Basi walijua vile inauma, na bado hawakuwauliza."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo dhambi yao."

Nilitaka kusema zaidi, lakini Wafilipino walikuwa wameanza wimbo wa mwisho na muda wetu ulikuwa umekwisha. Tuliomba, tukatoka.

Baada ya ibada, kanisa letu lilikuwa na desturi isiyoandikwa popote lakini iliyokuwa imara kuliko zote. Akina mama walipeana zamu ya kupika chai ya maziwa, yenye tangawizi na iliki iliyonunuliwa soko la Al Ras, wakaileta katika chupa kubwa pamoja na mandazi. Watoto walipewa kwanza. Walipanga mstari, wakapokea kwa mikono miwili wakipiga magoti kidogo, wakashukuru. Kwa baadhi ya wale watu wazima, waliolala kwenye vitanda vya ghorofa katika mabweni ya wafanyakazi ya Al Quoz, kikombe kile ndicho kilichokuwa nyumbani kwao kwa wiki nzima.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya mama wa yule msichana. Mtoto wa kwanza alipofika mezani akasema, "Hapana, asante." Wa pili akasema vilevile. Wa tatu pia.

"Mnaumwa?" mama aliuliza.

"Hapana, auntie."

"Mmefunga?"

"Tumegoma," akasema wa Nairobi.

Mama akaacha kumimina. "Mmegoma? Chai yangu imewakosea nini?"

"Chai haina makosa, auntie. Ni mfalme."

"Mfalme gani tena? Na hayo mandazi mikononi?"

"Mandazi hayakutajwa kitabuni."

Watu wazima wawili walicheka, wakaacha haraka. Yule msichana alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alimtazama baba yake, aliyekuwa amesimama na kikombe chake karibu na nguzo, kisha akaweka mikono nyuma. Nyuma yake mdogo wake naye akaweka mikono nyuma, huku macho yake yakifuata mvuke.

Mama alifunika chupa. Mikono ya dobi ni mikavu siku zote, nayo ilikikaza kifuniko mpaka kikalia. "Khalas, imetosha," alisema. "Nimeamka alfajiri kwa ajili yenu. Atakayetaka atasema."

Mzee aliweka kikombe chini, akanijia. "Mwalimu. Tuzungumze."

Tulikwenda mpaka kwenye maegesho ya magari, kwenye kivuli cha basi dogo la kampuni alilobebea walinzi wake. Aliniuliza nimefundisha nini, nikamweleza, naye akasikiliza kama anayepokea ripoti ya zamu.

"Maandiko yanasema tutii," alisema.

"Yanasema, mzee. Tulisoma na hapo."

"Dada, sisi hapa ni wageni. Tumepewa ukuta wa kusalia ndani yake, tunamshukuru Mungu. Sasa watoto watoke humu wakisema wamejifunza kugoma?"

"Hawakuigomea nchi. Wameigomea chai ya nyumbani kwako."

"Hiyo ndiyo inauma zaidi." Alikaribia kutabasamu, akajizuia. "Kwa nini chai ya nyumbani kwangu?"

Sikutaka kuyasema ya mtoto. "Muulize binti yako."

"Nimuulize nini?"

"Lolote, mzee. Umuulize tu."

Aligusagusa kioo cha basi kwa kidole. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi ujumbe unakuja kwenye simu. Kesho uko ghala fulani Al Quoz. Naenda. Hakuna mtu anauliza kama usiku nimekesha na mtoto mgonjwa. Ndivyo nimeweza kuwaweka hapa miaka yote hii. Mtu hakuulizi, na wewe huulizi."

Nilikuwa na jibu, nikalimeza. Lilikuwa jibu zuri la kitabuni, na mbele ya mtu yule halikuwa na uzito.

"Jioni uje nyumbani," alisema. "Wewe ndiye uliyeanza. Uje uone mwisho."

Baada ya zamu yangu ya mchana niliondoka hotelini jua likishuka, nikatembea katikati ya maduka ya simu na ya manukato ya Al Muraqqabat. Nilikuwa na hofu. Nilijua jibu lingeweza kubaki lilelile, ndege ileile, na nilijua pia kwamba darasa langu lingeweza kufungwa. Lakini nilikuwa namfikiria kipofu wa Injili, yule aliyekuwa anapiga kelele kando ya barabara. Kila mtu aliona anachohitaji. Na Bwana, aliyeona kuliko wote, alisimama, akaagiza aletwe, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Niliisoma habari hiyo tangu utotoni nikidhani jambo kubwa ni macho yaliyofunguka. Jioni ile, nikisubiri taa ya kijani kuvuka barabara, niliona kwamba kabla ya macho kulikuwa na swali, na kwamba pengine kipofu yule hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote maisha yake yote.

Waliishi katika chumba kimoja cha fleti ya kushirikiana na familia nyingine. Kabati la nguo ndilo lililokuwa ukuta kati ya kitanda cha wazazi na cha watoto. Mama alinikaribisha kwa upole uliochoka. Mkekani palikuwa na sinia, na juu ya sinia vikombe vitano vya chai. Hakuna aliyeigusa.

Mzee alikuwa bado na suruali ya kazi. Alijikohoza.

"Mama yako ananiambia unajua habari ya Masaka," alimwambia binti yake. "Tulipanga sisi wawili. Hatukukuuliza. Sasa... haya. Nakuuliza."

Msichana alisimama, kama alivyosimama darasani kujibu. Niliona kwamba alikuwa ameyapanga maneno, pengine tangu siku ile ya gauni.

"Baba, nakuheshimu. Mama, nakuheshimu. Sitaki kwenda. Shuleni wameniweka kwenye kwaya. Na mama akirudi miguu imevimba, ni mimi namwekea maji ya chumvi. Nikienda nani atamwekea?"

Mama aligeuza uso kuelekea kabatini.

"Ada, binti yangu," mzee alisema.

"Najua. Usiku niliwasikia. Mlisema ya mtoto mmoja mngeweza." Akavuta pumzi. "Basi nibaki mimi. Huyu aende. Ni mdogo, atazoea haraka. Na kwa jajja kuna kuku, anapenda kuku."

Wazazi walitazamana. Lilikuwa ombi la heshima, lenye sababu, na lilikuwa na hesabu inayokubali. Nilijivunia mwanafunzi wangu, sikatai. Nilimwona mzee akianza kutikisa kichwa polepole, kwa namna ya mtu anayekubali.

Ndipo mdogo mtu, aliyekuwa amekaa kando ya sinia akisubiri chake kipoe, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akakisukuma mpaka katikati ya sinia.

"Sitaki chai," alisema.

"Na wewe?" mama akashangaa. "Wewe nawe nani kakufundisha?"

Akanyoosha kidole kwa dada yake.

Dada yake alibaki amesimama. Nilimwona akiitazama ile mikono midogo iliyokuwa sasa imewekwa nyuma, kama asubuhi. Akakaa mkekani, taratibu.

"Sijamuuliza," alisema.

Akamgeukia. "Unataka kwenda kwa jajja?"

"Na wewe?"

"Mimi labda nibaki."

"Basi labda na mimi nibaki."

"Haiwezekani tubaki wawili."

Mdogo alifikiri. "Kuku wanauma?"

"Wanadonoa."

"Wanadonoa wapi?"

"Miguuni. Ukikimbia."

"Nikiwa na wewe hawawezi," alisema mdogo, na akaegemea bega la dada yake kama kwamba mazungumzo yamekwisha.

Mzee alicheka kidogo puani, kisha akafunika uso kwa kiganja. Chini barabarani gari lilipiga honi, mtu akahimiza kwa Kiarabu, yalla, yalla, na sauti ikapotea. Msichana alikuwa anamsuka mdogo wake nywele za kisogoni bila kuangalia anachofanya, anasuka na kufumua.

"Tutaenda wote wawili," alisema mwishowe.

"Una hakika?" mama aliuliza.

"Sina. Lakini hatakwenda peke yake." Kisha akainua kichwa, na sauti yake ikawa ile ya darasani. "Ila baba, kila Krismasi utuulize tena. Wote wawili, mimi na huyu. Uulize kama tunataka kurudi."

"Na kama ada bado haijapatikana? Jibu langu likiwa lilelile?"

"Hata likiwa lilelile. Wewe uulize tu."

Mzee alinyoosha mgongo. Nilidhani atasema sawa, au atasema tutaona, kama wazazi wote. Alisema neno analojibia kazini kwenye redio ya walinzi, anapopewa agizo ambalo hawezi baadaye kudai kwamba hakulisikia.

"Nimepokea," alisema.

Mama akainuka, akakusanya vikombe, chai yote imeshika utando juu. "Hii nikaipashe," alisema. Alikuwa amefika mlangoni mwa chumba mdogo alipomwita.

"Mama! Yangu sukari nyingi."

Kwa desturi, kila mtoto wa nyumba ile alipewa kijiko kimoja, na mama ndiye aliyekitia. Alisimama na sinia mikononi, akageuka. Macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Vijiko vingapi?" aliuliza.